Mkopo wa Maji Ulipwe kwa Tungule

Hotuba kwa vikundi vya hisa vya wakulima wa mboga, Chake Chake, Pemba

Bismillahi Rahmani Rahim. Mheshimiwa mwenyekiti, masheha wetu, wazee wangu, akina mama ambao ndio wenye mkutano huu, na nyinyi vijana mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: Assalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini. Ukimpa bibi shamba mstaafu dakika ishirini ujue umempa mpaka adhana, kwa hivyo mwenye chungu motoni na amtume mtoto akakitazame. (Kicheko.)

Nimeitwa kwa jambo moja. Vikundi vyenu vimeletewa mikopo ya vifaa vya umwagiliaji wa matone, ile mipira yenye vitundu inayodondosha maji kwenye mzizi. Wakopeshaji wamekuja, wamesema maneno mazuri, wakaacha karatasi. Mwenyekiti akaniletea nizisome kabla hamjatia saini wala dole gumba. Nimezisoma moja moja. Majina yao siyataji, kwa sababu nililoliona si la mmoja wao. Karatasi zote zimeandikwa kwa ajili ya mwenye duka. Mwenye duka anauza leo, anauza kesho, Ijumaa analipa. Nyinyi hamna duka. Mna tungule, ambazo wengine wanaziita nyanya, na tungule halijui Ijumaa mpaka liive. Ninalotaka kukuambieni leo ni hilo tu: mkopo wa maji uandikwe upya ufuate konde, au msiuchukue.

Tuanze na maji yenyewe. Fedha zitafuata.

Kisiwa hiki si jangwa. Pemba inapata wastani wa karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, zaidi ya Unguja. Lakini mvua hiyo inakuja kwa makundi. Masika, Machi hadi Mei, inatupa hata tusiyoyahitaji, mabonde yanajaa na tungule zinaoza kwa ukungu. Vuli inarudi kidogo kati ya Oktoba na Disemba, mwaka mwengine inakuja, mwaka mwengine inapita na mawingu yake. Katikati hapo kuna kipupwe, na baada ya vuli kuna kaskazi ya Januari na Februari, wakati hata mchicha unajikunja majani. Na miezi hiyo hiyo ya ukavu ndiyo miezi ambayo tungule lina bei. Nyingi mnazoziona sokoni wakati huo zimevuka bahari kutoka Tanga. Kwa hivyo anayeweza kumwagilia anauza wakati wenzake hawana. Asiyeweza anauza wakati kila mtu anazo. Umaskini wa mkulima wa mboga Pemba, sehemu kubwa, ni umaskini wa kalenda.

Sasa tungule linakunywa kiasi gani? Kwa makadirio ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, tangu kupandikizwa hadi mwisho wa mavuno linahitaji milimita 400 hadi 600 za maji. Chukueni 500. Mama mwenye nusu ya robo eka ana mita za mraba kama 500. Mita 500 ukizipa milimita 500 umemwaga lita 250,000. Gawa kwa siku 100, ni lita 2,500 kwa siku. Kwa ndoo ya lita 20 ni ndoo 125. Kila siku, na hapo nimehesabu yale yanayofika kwenye mzizi tu. Yaliyomwagika njiani hayamo.

Nani anachota ndoo 125? (Sauti: Hakuna!) Hakuna. Ndiyo maana mkulima wa ndoo hamwagilii kinachotakiwa na mmea, anamwagilia kinachowezwa na kiuno chake. Tungule linakuwa dogo, linapasuka, linaoza kitako, na mnasema mbegu mbovu. Mara nyingi mbegu haina kosa.

Maji yakiachwa yatiririke kwenye mifereji, FAO inakisia katika kila lita 100 mmea unazipata 60. Ukinyunyiza kwa mashine, 75. Kwa matone, 90. Yule mama wa lita 2,500 angelazimika kutoa kisimani zaidi ya lita 4,000 kwa mfereji, na kama 2,800 kwa matone. Tofauti hiyo ni mafuta ya mota, au ni sola ndogo badala ya kubwa, au ni binti aliyerudi skuli. Na msimu wa karafuu ukifika, pale kila mwenye mikono anapokwenda kuchuma, mipira ya matone inaendelea kunywesha bilingani bila ya kumngoja mtu. Faida hii vipeperushi havijaiandika, maana waliovichapisha hawajawahi kuona Pemba ikihamia mashambani.

Lakini kuna mambo mengine pia ambayo vipeperushi havisemi, na haya yanaingia moja kwa moja kwenye deni lenu.

La kwanza, matone hayapandishi maji. Mipira inagawa maji yaliyokwisha kupanda tangini. Tangi ukiliweka juu ya jukwaa la mita moja au moja na nusu, linatosha kusukuma maji kwenye eneo dogo kwa uzito wake tu. Ila kulijaza ni kazi nyengine. Wengi mmesikia sifa za pampu ya kukanyaga kwa miguu. Sifa zake ni za kweli. Ilibuniwa Bangladesh mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa bei ya watu wa chini, na zaidi ya moja milioni ziliuzwa huko. Kenya na Tanzania bara nazo zikapata za kwao miaka ya 1990. Bangladesh lakini ni nchi ya maji ya juu juu. Pampu inayovuta haiwezi kuvuta maji kutoka kina kinachozidi kama mita 7, hata ukanyagaji uwe wa mwanamasumbwi. Mtu wa bondeni, ambaye kisima chake unakiona maji ukiinama, pampu ya miguu itamfaa. Mtu wa kilimani mwenye kisima cha mita 15 akikopeshwa pampu hiyo amekopeshwa mazoezi ya viungo. (Kicheko.) Fungeni jiwe kwenye kamba, pimeni kisima, tena pimeni Februari maji yanapokuwa chini, ndipo mje kwenye karatasi.

La pili ni chokaa. Tazameni ndani ya birika za chai majumbani kwenu, hasa nyinyi wa upande wa Micheweni na kote kwenye maweni. Ule ukoga mweupe ndio utakaokaa kwenye vitundu vya mipira. Bila ya chujio, na bila ya kulisafisha chujio na kufungua ncha za mipira mara kwa mara ili takataka zitoke, msimu wa pili nusu ya miche haipati kitu. Sasa hapo mkulima amebaki na deni zima na mipira nusu. Nimeona kwenye karatasi moja kifurushi ambacho chujio limewekwa kama nyongeza, mwenye kutaka alipie. Chujio si la hiari. Mkopo usio na chujio ndani yake msiutie saini hata kama ni wa bei nafuu. Hasa kama ni wa bei nafuu.

Na penye maji ya chumvi chumvi, matone yanaisukuma chumvi pembeni mwa ule mviringo wa udongo uliorowa. Inakaa pale ikingoja. Mvua ya kwanza ikinyesha kidogo, inairudisha chumvi kwenye mizizi, mmea unanyauka wakati watu wanashangilia mvua. Dawa yake ni kuendelea kufungulia matone wakati mvua hizo za mwanzo zinanyesha, mpaka chumvi ishuke chini. Mtu wa kukuambieni haya ni fundi au bwana shamba, na malipo ya kuja kwake mara tatu nne kwa msimu yaingizwe kwenye makubaliano.

Haya, fedha.

Nitatoa mfano. Sisemi ndiyo bei, bei mtaisikia dukani. Tuseme vifaa vinagharimu shilingi 500,000, na mtoaji anataka arudishiwe 550,000, kila wiki 22,000 kwa wiki 25, kuanzia wiki ya kwanza. Mkulima anaatika miche, inakaa kitaluni wiki tatu au nne. Anapandikiza, anangoja miezi miwili na nusu hivi. Tungule la kwanza linaiva kama wiki ya 14. Mpaka siku hiyo ameshalipa shilingi 308,000, zaidi ya nusu ya deni, na hajauza hata tenga moja.

Kazitoa wapi? (Sauti za akina mama.) Nimewasikia. Ameuza mbuzi. Amechukua zamu yake ya mchezo kabla ya wakati. Ameomba kwa mume, mume naye kakopa kwa bosi wa bodaboda. Au amekwenda kwa kausha damu, akachukua huku akalipe kule. Na kwenye daftari la mkopeshaji mama huyu anaonekana mlipaji hodari, wiki 14 hajakosa hata moja! Daftari halina mstari wa mbuzi.

Mtu akikuambieni kwamba asilimia fulani ya wakopaji wake wanalipa kwa wakati, mpongezeni, halafu muulizeni wanalipa kwa kutoka wapi.

Jambo hili limechunguzwa. Kolkata, India, kulifanyika jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013. Wakopaji wengine walianza kulipa wiki mbili baada ya kupokea fedha, kama kawaida. Wengine walipewa muhula wa miezi miwili kwanza. Waliopewa muhula waliwekeza zaidi, na kama miaka mitatu baadaye biashara zao zilikuwa na faida kubwa kuliko za wenzao. Lakini wasiolipa nao waliongezeka katika kundi lile la muhula. Nakuambieni na hili la pili kwa sababu mkopeshaji anapokataa kuwapeni muhula, si lazima awe mtu mbaya. Ana khofu, na khofu yake ina msingi. Kazi yenu ni kumwondolea khofu hiyo kwa njia nyengine, nitakuja hapo.

Na msikubali kuambiwa kuwa mkopo peke yake unaondoa umaskini. Profesa Muhammad Yunus alipoanza mikopo midogo na wanakijiji wa Jobra, Bangladesh, mwaka 1976, na benki yake ya Grameen ikaja kusimama rasmi mwaka 1983, dunia nzima ilifurahi, na mwaka 2006 yeye na benki wakapewa Nishani ya Nobeli ya Amani. Walistahiki. Lakini mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita, za Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko, na zote zikaonesha kuwa kwa wastani mikopo midogo haikubadilisha kipato cha familia kwa kiasi kikubwa kama ilivyotangazwa. Iliwapa watu nafasi ya kujipanga, wengine walifanikiwa, wengi walibaki pale pale. Mimi haikunishangaza. Ukimpa mtu fedha ambazo hazikukatwa kwa kipimo cha kazi yake, atafanya nini nazo? Atanunua unga, na atafanya vyema kununua unga kama watoto wana njaa.

Jaribio linalonipa mimi matumaini lilifanyika jirani hapa Kenya, kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Lilihusu matangi ya lita 5,000 ya kukingia maji ya mvua. Walipoambiwa walete dhamana kamili, amana na wadhamini, kama ilivyo desturi ya vyama vya kuweka na kukopa, waliochukua hawakufika hata 3 katika 100. Walipoambiwa leta asilimia 4 tu ya bei, na tangi lenyewe litakuwa ndio dhamana, usipolipa tunalibeba, waliochukua walizidi 40 katika 100. Na matangi yaliyokwenda kubebwa? Karibu hakuna. Watu wale wale, tangi lile lile. Kilichobadilika ni swali la mkopeshaji tu. Badala ya kuuliza "una nini?", aliuliza "unataka nini?", akakikubali hicho hicho kuwa dhamana.

Kwetu sisi hili lina uzito kuliko hata Kenya, kwa sababu ya ardhi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa mali ya serikali, na maelfu ya familia wakagawiwa eka tatu tatu. Eka tatu unailima, unairithisha, lakini si kitu cha kupeleka benki. Na nusu yenu humu hamna hata hiyo. Mnalima kwa kuazima. Mwenye shamba anakuruhusu upande muhogo na mboga chini ya minazi yake na mikarafuu yake, ila ukipanda mti wa kudumu au ukichimba kisima anaanza kukutazama vyengine, maana hapa kwetu aliyepanda mti amejidai kuwa shamba ni lake. Akina mama ndio wengi katika hali hiyo. Sasa karatasi inayosema "ambatisha hati ya ardhi" imewafukuza kabla hawajakaa.

Mipira ya matone inakunjwa. Tangi linabebeka, pampu ndogo ya sola inachukulika kwenye baiskeli. Mwenye shamba akikuambia mwakani analitaka konde lake, unakunja mali yako unahamia kwa jirani. Kwa hivyo dhamana ya haki kwa mkulima wa Pemba ni kifaa chenyewe, na kifaa cha haki kumkopesha ni kile kinachohama. Anayetaka kuwakopesheni kisima cha kuchimba kwenye ardhi ya kuazima anamjengea mtu mwengine.

Mzee wangu hapa mbele ameinua kidole muda mrefu. (Swali kuhusu riba.) Ahsante mzee, ndiko nilikokuwa naelekea, na najua wengine mlikuwa mnanong'onezana.

Riba ni haramu na sitaizunguka. Lakini dini yetu haikuufunga mlango ikatuacha nje. Murabaha inajulikana: mwenye fedha ananunua pampu, inakuwa mali yake, halafu anakuuzia wewe kwa bei iliyoongezwa faida inayojulikana, unalipa kidogo kidogo, na ukichelewa ile bei haipandi. Kwa kifaa cha umwagiliaji hii inafaa kabisa, kwa sababu kuna kitu cha kuuzwa. Benki ya Watu wa Zanzibar ina huduma za Kiislamu, zikaulizieni. Ipo pia mikopo isiyo na riba inayopitia Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi. Ila kuweni macho na murabaha ya karatasi. Ukipewa fedha taslimu mkononi ukaambiwa hii ni murabaha, uliza pampu iko wapi.

Na kama mkulima amekwama kwa dhati, mvua imemharibia, Suratul Baqara aya ya 280 imeamrisha apewe muhula mpaka apate wasaa. Tunaisoma misikitini. Naomba iandikwe na kwenye mikataba, tena kwa lugha ya mkataba: nani anathibitisha kuwa konde limeharibika, ndani ya siku ngapi, na muhula ni wa muda gani. Huruma isiyoandikwa inategemea afisa aliyeamka vizuri.

Ipo na salam, kununua zao kabla halijavunwa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofika Madina aliwakuta watu wakilipa mapema kwa matunda ya mwaka, miwili, mitatu, akawaelekeza kuwa mwenye kufanya hivyo afanye kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Mwenye hoteli anayetaka tungule za Januari angeweza kulipa Septemba kwa njia hii, na mkulima akanunulia mipira. Inawezekana. Lakini hapa ndipo ninapokuwa mkali kidogo, mnisamehe.

Akina mama wa mwani mko wapi? (Mikono.) Nyinyi ndio walimu wetu leo. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kisha na huku kwetu kikashika. Kampuni zilileta kamba, zikaleta taitai za kufungia mwani, mkulima hakutoa senti. Sharti lilikuwa moja: mwani utauza kwetu. Na bei? Bei walipanga wao. Kamba ilikuwa bure, na kamba ilikuwa ghali kuliko kitu chochote. Kwa hivyo mtu akija na mipira ya matone ya bure mkononi na mkataba wa kununua tungule zenu zote kwa bei "itakayokuwa sokoni siku hiyo kwa tathmini ya mnunuzi", mwonesheni mama wa mwani amsomee.

Deni la kifaa liwe mbali, uuzaji wa zao uwe mbali. Mkifanya salam, fanyeni kwa sehemu ya mavuno, bei iwe imeandikwa, kilo zimeandikwa, na iliyobaki ni yenu mpeleke sokoni Chake, Wete, Mkoani au popote.

Wazee wetu hili walilipitia kwenye karafuu. Msimu mmoja mikarafuu inazaa mpaka matawi yanainama, msimu mwengine hakuna kitu, na katikati hapo mwenye shamba anakula nini? Anakopa kwa rehani ya mikarafuu. Ikawepo na ile bei ya khiyari: unauza shamba kwa sharti kwamba ukirudisha fedha unarudishiwa, na huku unalikodi shamba lako mwenyewe kwa huyo huyo mnunuzi. Kodi hiyo ilikuwa riba iliyovaa kanzu. Madeni yakawa makubwa hadi mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikapitisha amri za kuzuia ardhi isihamishwe ovyo na za kuwabana wakopeshaji, jambo lililozua ugomvi mkubwa, wafanyabiashara wa Kihindi wakasusia karafuu mwaka 1937, suluhu ikapatikana 1938. Kukopa harusi, kulipa matanga, mnaujua msemo huo. Mimi naongeza kwamba matanga yale hayakuletwa na kukopa. Yaliletwa na deni lenye tarehe moja na mti wenye tarehe nyengine.

Sasa khofu ya mkopeshaji, niliyoahidi kuirudia. Mtamwambia nini ili akubali kungoja mpaka tungule liive?

Mtamwonesha sanduku lenu la akiba. Vikundi hivi vya hisa vilianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa Maradi, shirika la CARE likivisaidia, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 vikaingia Zanzibar kupitia vijiji vya Jozani. Leo hakuna shehia isiyojua sanduku la kufuli tatu. Lakini sanduku lenyewe haliwezi kununua vifaa vya watu ishirini, na fedha zake zinazunguka kwa mwezi mmoja, miwili, mitatu, halafu mwisho wa mwaka mnagawana. Msilivunje sanduku kwa ajili ya mipira. Lifanyeni ngao. Kila mwenye kifaa aweke kidogo kila wiki humo humo kwenye sanduku lake, kiasi anachokiweza, hata elfu mbili. Siku mvua ya mawe, sijui ugonjwa, sijui bei imeanguka, mfuko huo ndio unaolipa awamu ya kwanza ya aliyekwama. Mkopeshaji akiuona huo mfuko, mazungumzo ya muhula wa miezi minne yanaanza kuwa mepesi. Ila msikubali kudhaminiana deni zima, mmoja akianguka ishirini waanguke. Nimeona vikundi vilivyovunjika kwa hilo, na udugu wa kijiji ukavunjika pamoja navyo. Dhaminianeni kwa awamu moja au mbili, baada ya hapo kifaa kirudi, apewe mwengine anayengoja.

Muda unakwenda, naona mwenyekiti anatazama saa. La maji ya chini ya ardhi siwezi kuliacha.

Maji matamu ya visiwa vyetu, hasa pwani na kwenye mawe, yameelea juu ya maji ya chumvi. Kanuni ya wataalamu inasema kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na kama mita 40 chini yake. Ukishusha maji mita moja kwa kuvuta sana, chumvi inaweza kupanda mita 40 kukufuata. Na kisima kikishaingia chumvi hakirudi kwa kuomba radhi. Mtu atasema, si ndio maana tunaleta matone, yanaokoa maji? Yanaokoa kwa kila tungule. Lakini ripoti ya FAO ya mwaka 2017 iliyokusanya ushahidi wa nchi nyingi ilionesha kuwa wakulima wakipata vifaa vya kuokoa maji, mara nyingi wanapanua mashamba, na jumla ya maji yanayotumika haipungui, pengine inazidi. Binadamu ndio alivyo. Mimi ningefanya hivyo hivyo.

Kwa hivyo kikundi kitakachokopa kiandike kwa mkono wake, kabla ya mkopeshaji, kisima kimoja kinahudumia makonde mangapi. Februari na Septemba maji yapimwe kina na yaonjwe, yaandikwe kwenye daftari lile lile la hisa. Yakianza kuwa na ladha, wote wanapunguza. Wenye mahoteli nao wanavuta, najua, na hilo ni la kulipeleka kwa masheha hawa walioketi hapa, kwa maandishi, na daftari lenu likiwa ndio ushahidi.

Mwisho ni tarehe. Miche ya kiangazi inaatikwa masika ikianza kukatika. Vifaa vikifika Agosti mmechelewa, mtaanza kulipa deni la msimu ambao hamkulima. Kwa hivyo mazungumzo na wakopeshaji yaishe kabla ya masika kuanza, vifaa viwe vijijini Mei, na mkataba useme wazi kwamba vikichelewa, awamu ya kwanza nayo inachelewa kwa siku zile zile.

Karatasi zenu nimezirudisha kwa katibu, nimezichora kwa kalamu nyekundu mahali pa kubadilishwa. Fundi wa mipira yuko pale chini ya mwembe na chujio lake amelifungua, mwenye swali la vifaa amfuate yeye. Mwenye swali la mkataba anifuate mimi, na mwenye swali la fiqhi mzee wetu huyu ameahidi hataondoka mpaka baada ya sala. Ahsanteni sana, wabillahi tawfiq.